Majembe ya Kuaga

Kionjo hakikuwa na haraka. Gari jeupe la wagonjwa lilisukumwa hadi chini ya upinde wake, milango ya banda ikafungwa ili upepo wa Makambako usitikise vipimo, kisha mashine ikaanza kulionja: bampa kwanza, halafu boneti, halafu chesisi yote kutoka mbele hadi nyuma, kila bawaba na kila nati. Haikugusa kitu. Iliangaza miale isiyoonekana kwa macho, ikasubiri kile ambacho chuma kingejibu. Orida Mligo, Mkaguzi wa Asili, alisimama kando akiwa ameficha viganja ndani ya mikono ya koti, akingoja neno moja tu, "Pita," ambalo alikuwa amelisikia kwa magari mengi kiasi kwamba siku hizi alilisikia kama mtu anavyosikia pumzi yake mwenyewe.

Neno hilo halikuja.

"Chesisi ina chuma cha kigeni ambacho hakikutajwa," Kionjo kilisema kwa sauti yake tulivu, isiyo ya mwanamume wala ya mwanamke. "Mkaguzi, una neno?"

Orida aliomba kipimo kirudiwe. Kikarudiwa, na jibu likawa lilelile. Akaagiza liletwe gari jingine la fungu hilo, kisha jingine, na yote mawili yakakataliwa. Mwishowe akaagiza Palahala la kawaida, gari ambalo kiwanda huwauzia wananchi, lililoundwa kabla ya fungu hilo, nalo likapita bila shida. Basi mashine ilikuwa nzima. Kasoro ilikuwa ndani ya fungu moja, na fungu lenyewe ndilo la magari yaliyosubiriwa na hospitali za wilaya za magharibi tangu mvua za mwaka uliopita.

"Nitatoa neno langu kabla ya king'ora cha jioni," alisema.

"Nitasubiri," Kionjo kilijibu.

Kazi ya Kionjo haikuwa na siri. Ilifundishwa hata katika shule za msingi. Kila mlima wenye chuma duniani una uwiano wake wa atomi nzito na nyepesi, na uwiano huo haubadiliki hata chuma kikiyeyushwa mara mia. Chuma cha Liganga, kilichoteremshwa kwa treni kutoka milima ya Ludewa, kilibaki na ladha ya Liganga hadi mwisho wa maisha yake. Kabla jambo hilo halijajulikana, nchi ilikuwa imejaribu kukilinda kiwanda chake cha magari kwa njia ya kale: ushuru mzito kwa gari la kigeni, msamaha kwa gari la nyumbani. Kilichotokea ni kwamba magari ya kigeni yaliingizwa vipande vipande, yakakazwa nati chache ghalani, yakabandikwa nembo ya nyumbani, kisha yakauzwa kwa bei kubwa chini ya kivuli cha ushuru uleule. Wakaguzi waliona, wakapewa bahasha, wakaacha kuona.

Ndipo ikatungwa Sheria ya Asili. Haikukataza chuma cha kigeni; kiwanda kiliruhusiwa kukitumia hadi theluthi ya gari, mradi kitajwe kabla ya kuingia tanurini. Kisichotajwa kilihesabiwa magendo, kiwe kingi au kidogo. Na adhabu ya magendo haikuwa faini. Ukuta wa ushuru, ambao Sheria ilipanga upunguzwe taratibu mwaka hadi mwaka mpaka kiwanda kikomae, ungebomolewa wote kwa siku moja, na magari ya nje yangemiminika kabla kiwanda hakijaweza kusimama.

Waliotunga Sheria waliiogopa mashine isiyojua sababu za mambo. Wakamwogopa vilevile binadamu anayejua sababu nyingi kupita kiasi. Kwa hiyo waligawa kazi. Mashine ilionja, mkaguzi alieleza, kisha mashine ikahukumu. Hakuna aliyeruhusiwa kumsemea, si meneja wala waziri, na akishasema, neno lake halikufutika.

* * *

Alianzia tanurini, kwa sababu chesisi zote zilitoka huko. Njiani alijiandaa kwa mabaya. Alifikiria malori yanayopita usiku kutoka mpakani, vyuma chakavu vilivyofichwa chini ya magunia ya viazi, na sura za watu aliowasalimia kila siku akifika kazini. Alikuwa tayari kumkuta mwizi. Hakujua tu angekuwa nani kati ya wale aliowapenda.

Mkuu wa tanuri alikuwa Kastori Ngonyani, mzee wa Kingoni mwenye nyusi zilizoungua zamani na kukataa kuota tena. Kwa kuwa yeye ni Mngoni na Orida ni Mbena, walikuwa watani, na haikuwahi kupita siku bila yeye kumchokoza.

"Kamwene, Mbena," alimsalimu. "Umekuja kuomba moto? Nyumbani kwenu bado hamjajua kuuwasha?"

"Kamwene, Mngoni. Nimekuja kuhesabu ng'ombe mliowaibia babu zangu."

"Hao tumeshawala. Zimebaki kwato."

Kwa desturi hapo Orida angecheka. Kastori alipoona hakucheka, aliweka chini koleo lake na kumwuliza kuna nini. Orida alimweleza yote kwa utaratibu: fungu la magari ya wagonjwa, chuma cha kigeni, na muda uliobaki. Kisha akamwomba ataje kila kitu kilichoingia tanurini siku chesisi zile zilipomiminwa.

Kastori alitaja mawe ya Liganga, makaa, chokaa, mabaki ya mabati ya hapohapo kiwandani. Kisha akaongeza, kama mtu anayetaja chumvi kwenye mboga, kwamba siku hiyo palikuwapo pia majembe.

"Majembe gani?"

"Ya kuaga. Si unayajua?"

Orida alikuwa ameyasikia, ila hakuwahi kuyafikiria. Tangu siku za mwanzo za kiwanda palikuwa na desturi ambayo haikuandikwa popote wala haikuagizwa na mtu. Mwanamke aliyeajiriwa akitokea shambani alikuja siku yake ya kwanza na jembe lake la mkono, lile lililolika hadi likabaki kama kijiko. Alikwenda nalo hadi mdomoni mwa tanuri. Kastori alimwuliza, "Umelima vya kutosha?" Mwanamke alijibu, "Nimelima." Kisha alilitupa motoni, wenzake wakampigia vigelegele, na kuanzia hapo alihesabiwa fundi. Kwa kuwa waliajiriwa mmoja mmoja, jembe moja liliyeyuka ndani ya bahari ya chuma cha Liganga, na hata Kionjo hakikuweza kulihisi. Lakini msimu huu ulifunguliwa mkondo mpya wa uzalishaji. Wanawake kutoka Lupembe, Makete na Ludewa waliajiriwa kwa pamoja, ukumbi mzima, wakaja kwa pamoja na majembe yao, nayo yote yakaingia katika myeyusho mmoja.

Orida aliegemea reli ya ngazi. Alianza kucheka, mwanzo taratibu, kisha hadi akalazimika kufuta macho. Hapakuwa na mwizi. Hapakuwa na malori ya usiku wala mtu wa kumchukia. Watu wote aliowapenda asubuhi aliweza kuendelea kuwapenda.

"Sasa unacheka nini, wakati mimi nimeanza kutetemeka?" Kastori aliuliza. "Na hicho chuma cha kigeni kimetoka wapi?"

"Kwenye majembe, baba. Majembe yale yaliletwa kwa meli zamani, kabla nchi hii haijayeyusha hata msumari."

Mzee alimtazama kana kwamba ametukanwa. Alisema jembe la mama yake, la aina ileile, ndilo lililomsomesha. Lilimzika baba yake, likapanda mahindi ya arusi yake, na mpini wake ulichongwa kwa mti wa nyuma ya nyumba yao. Kama jembe la mama yake ni geni, basi aambiwe ni kitu gani nchini humu kilicho mwenyeji.

Kicheko kilikuwa kimekwisha. Sheria haikuuliza jembe limelima wapi. Iliuliza chuma kimezaliwa wapi, na kama kilitajwa.

* * *

Mhandisi Eliud Ngimbudzi, meneja wa kiwanda, alimsikiliza hadi mwisho bila kumkatiza. Alimmiminia chai yeye mwenyewe. Hakuwa mtu mbaya. Orida alijua kwamba mwaka ambao treni za Ludewa zilisimama kwa maporomoko ya ardhi, mtu huyu alikula kantini pamoja na mafundi na kugawana nao makande hadi reli ilipofunguliwa.

Alieleza hoja yake kwa uangalifu. Sheria ilitungwa dhidi ya walanguzi waliobandika nembo za uongo, na hakuna mlanguzi hapa. Kilichopo ni akina mama na majembe yao. Ikiwa Orida atatamka kwamba chuma cha kigeni kimeingia bila kutajwa, mashine haitajua tofauti kati ya jembe na kontena la magendo. Ukuta utaanguka, maagizo ya wateja yatahamia kwa magari ya nje, na kabla ya mvua nyingine mji huu utarudi kuwa kituo cha treni cha watu kununulia nyanya. Na wa kwanza kurudishwa mashambani watakuwa haohao walioyaaga.

"Kipimo kinaweza kukosea," alisema hatimaye. "Sema ni hitilafu ya kipimo. Maneno matatu, dada Orida. Sikuombi kwa faida yangu."

"Najua si kwa faida yako."

"Basi niambie ni nani atakayeumia."

Orida alizungusha kikombe chake mezani. Hilo ndilo swali lililokuwa likimsumbua tangu alipoteremka ngazi za tanurini, na alilijibu polepole, akijisikiliza. Alimwambia kuhusu dada yake mkubwa, mkunga huko Mpanda, aliyenunua Palahala kwa bei iliyomlazimu kuahirisha kuezeka nyumba, ilhali gari la nje lisilo na ushuru angelipata kwa bei nafuu mno. Kila akipiga simu humtania kwamba amelipia uzalendo wa watu wa Makambako. Lakini analipa. Nchi nzima inalipa, kutoka Mpanda hadi Kilwa, watu ambao hawatakiona kiwanda hiki maishani mwao, kwa kuwa wameambiwa kwamba wanachokinunua ni cha nyumbani na kwamba yupo mtu aliyeapa kuwaambia ukweli juu ya hilo.

"Ukuta huu haukujengwa kwa ushuru, Mhandisi. Umejengwa kwa imani yao. Nikidanganya leo kwa sababu nzuri, kesho atakuja mkaguzi mwingine mwenye sababu nzuri kuliko yangu."

"Na ukisema kweli tukafungwa?"

"Nitakuwa nimewafunga mimi," Orida alisema. "Hilo nalijua."

Nje, winchi ilipitisha chesisi mpya juu ya uwanja, na kivuli chake kikapita mezani kati yao. Mhandisi alisema hatamzuia mlangoni wala hatampigia simu mtu yeyote mkubwa. Alimwomba tu, kabla ya kutamka, akawaambie wanawake wenyewe. Orida alikubali mara moja, akaona aibu kwamba wazo hilo halikuanza kwake.

* * *

Wanawake wa mkondo mpya walikuwa kantini, wakimenya viazi vya kuchemsha kwa vidole, ovaroli zao bado mpya na ngumu. Walimkaribisha kwa kelele, wakamsogezea benchi. Orida alisimama, kwa kuwa hakutaka kusema jambo lile akiwa amekaa kama mgeni wa heshima.

Aliwaeleza kwa lugha nyepesi. Aliona nyuso zikibadilika moja baada ya nyingine kadiri kila mmoja alivyoelewa. Mmoja aliuliza kama wamevunja sheria. Akamjibu kwamba ndiyo, pasipo kujua. Mwingine aliuliza kama jembe linaweza kutolewa tena chumani, na wenzake hawakumcheka. Kisha mwanamke mrefu wa Lupembe, aliyekaa karibu na dirisha, aliuliza kile ambacho wote walitaka kuuliza.

"Kwa hiyo utatutaja?"

"Nitataja majembe. Sitataja jina la mtu. Lakini nitayataja."

"Sisi tulidhani tunakipa kiwanda baraka."

"Najua, mama. Na hilo nalo nitalitaja."

Mwanamke wa Lupembe alirudisha kiazi chake kwenye sahani. Katika kona, mama mmoja mnene aliyeitwa Yudita Kilasi, ambaye wenzake walimwita Mama Lutengano, alikuwa ameinamisha kichwa na kuikunja khanga yake, akiikunjua, akiikunja tena. Orida alidhani anasali. Aliwaaga, akatoka, na hakuna aliyemjibu.

* * *

Alirudi bandani mapema kidogo kuliko alivyohitaji, maana alijijua: akingoja king'ora, angetafuta sababu. Kastori alikuwa ametangulia, amesimama karibu na ukuta na kofia mkononi kama mtu aliyefika msibani. Mhandisi Ngimbudzi alikuja baada yake. Milango ilifungwa, lakini mlango mdogo wa pembeni uliachwa wazi kwa sababu komeo lake lilikuwa bovu.

"Mkaguzi, una neno?" Kionjo kiliuliza, kana kwamba haikupita saa hata moja.

"Ninalo. Chuma ulichokionja ni cha kigeni kweli, na hakikutajwa. Ni majembe ya mkono yaliyotumika na kuchakaa. Yalitupwa tanurini na wafanyakazi wapya siku ya kuanza kazi, kwa desturi yao, hadharani. Mkuu wa tanuri alijua. Hakuna aliyekusudia kudanganya. Kipimo chako ni sahihi."

Aliposema sentensi ya mwisho aliona bega la Mhandisi likishuka. Hapakuwa na kurudi nyuma. Alisubiri hukumu akiwa ametazama sakafu, akijaribu kukumbuka sura ya kila mwanamke kantini, ili awe na haki ya kuzikumbuka baadaye.

"Neno limepokewa," Kionjo kilisema. "Jaribio la hitilafu halikuhitajika. Swali linalofuata: majembe hayo yaliingia nchini lini?"

Orida aliinua kichwa. Katika miaka yake yote ya kazi hakuwahi kuulizwa swali linalofuata, kwa kuwa hakuwahi kuwa na neno la kutoa.

"Zamani," alijibu. "Mengine yalirithiwa kutoka kwa bibi. Kwa nini unauliza?"

Mashine ilieleza, kwa sauti ileile isiyopanda wala kushuka. Sheria ya Asili ilikuwa na kifungu kuhusu vitu vilivyokuwamo nchini kabla yake. Siku ilipotungwa, wananchi wenye magari ya zamani ya kigeni waliogopa kutozwa ushuru mara ya pili, na ili kuwatuliza ikaandikwa kwamba kitu chochote kilichokuwa kikitumika nchini kabla ya Sheria kihesabiwe mkazi, na chuma chake kihesabiwe cha nyumbani. Magari yale yalikwisha kuoza. Kifungu kilibaki, na hakuna aliyekuwa na haja nacho tena. Mkazi hakuhitaji kutajwa kama mgeni. Lakini ukazi ulipaswa kuthibitishwa.

"Kwa nini?" aliuliza Mhandisi. "Yaani, kwa njia gani?"

Kionjo hakikumjibu, maana hakikupewa ruhusa ya kumsikiliza mwingine ila mkaguzi. Orida aliuliza upya, nacho kikaeleza. Kutu ni chuma kilichooana na maji. Mvua ya kila eneo ina uwiano wake kama mlima ulivyo na wake, na kutu hujipanga tabaka juu ya tabaka, msimu hadi msimu. Kikipewa jembe lenye kutu yake, kingeweza kusema lilinyeshewa wapi na kwa muda gani. Tanurini kutu huungua. Ndani ya chesisi haikubaki hata chembe.

"Nipe kielelezo," kilisema.

Kastori alifungua mikono yake mitupu. Alisema yote yaliingia motoni. Aliyapokea mwenyewe moja moja.

"Si yote, baba," ilisema sauti kutoka mlango wa pembeni.

Mama Lutengano aliingia kwa aibu, akiwa amekumbatia kitu kilichofungwa kwenye khanga kama anayebeba mtoto mgonjwa. Alikifungua sakafuni. Lilikuwa jembe, limelika upande mmoja, mhuri wa mnyama fulani bado ukionekana kwa mbali. Kutu yake ilikuwa nyekundu na nene kwenye shingo.

"Nilishindwa," alisema, akimtazama Orida badala ya Kastori. "Ni la mama. Lilikuwa kabatini kwangu hapa kiwandani, chini ya ovaroli. Nikatupa kitu kingine, nimekifunga guniani."

"Mimi niliona lile gunia zito," Kastori alisema. "Nikasema, huyu kweli amelima."

Orida alimwuliza kwa nini hakusema kantini. Mama Lutengano alijibu kwamba aliona haya mbele ya wenzake, waliokuwa wameyatoa ya kwao bila kusita. Lakini kulikuwa na jambo jingine, na alilisema wazi. Alikuwa amesimama mlangoni tangu mwanzo.

"Ungesema mashine imekosea, ningerudi nalo nyumbani kimya kimya. Nikasema, kama mkaguzi anaficha, mimi ni nani nitoe?"

Orida aliliinua jembe kwa mikono yote miwili na kuliweka chini ya upinde. Kionjo kilifanya kazi kwa muda uleule kilioutumia kwa gari zima. Hakuna aliyesogea. Kastori alikuwa ameshika kofia yake mbele ya kinywa.

"Chuma cha jembe na chuma cha kigeni kilichomo katika chesisi vimezaliwa mahali pamoja," Kionjo kilisema. "Kutu ni ya mvua za nyanda hizi, kwa misimu mingi kuliko umri wa Sheria. Ukazi umethibitishwa." Kikaongeza, "Kuna chuma kingine kidogo sana katika chesisi, kisicholingana na jembe. Mkaguzi, una neno?"

Watu watatu walimgeukia Mama Lutengano kwa pamoja.

"Hiyo ni pasi," alisema kwa sauti ndogo.

"Pasi ya aina gani?" Orida aliuliza, akijikaza.

"Ya mkaa. Ya mama mkwe."

"Iliingia nchini lini?"

"Niliikuta. Alikuwa akininyooshea kidole huku ameishika tangu siku niliyoolewa." Akafikiri kidogo, kwa uaminifu. "Mkono wake wa kushikia ulikatika ukabaki nyumbani. Upo juu ya dari, una kutu tele. Naweza kuuleta."

Orida aliyarudia maneno hayo kwa Kionjo, neno kwa neno, kama kiapo chake kilivyodai, pamoja na mama mkwe na kidole. Kionjo kiliyapokea kwa uzito uleule kilioupa kila jambo. Kiliridhia kwamba mkono wa pasi uletwe na kuonjwa kesho yake, na kwamba kwa leo uamuzi hautazuiwa na kitu kidogo kiasi hicho. Kisha kikatamka: hapakuwa na magendo. Kiwanda kilipewa onyo la kutumia vitu vya wakazi bila kuvionjesha, na kuanzia siku hiyo kila jembe lingepita chini ya upinde kabla ya kwenda motoni.

"Pita," kilisema, na neno hilo dogo likajaza banda.

Mhandisi Ngimbudzi aliketi kwenye ngazi ya chuma, palepale, na suti yake. Alikaa hivyo kwa muda, viwiko magotini. Kastori alikuwa tayari nje akiwapigia kelele wanawake wa kantini, na kelele zao zilimjibu kutoka upande wa pili wa uwanja, kwanza za kutoamini, kisha za kuamini.

"Ulikijua kile kifungu?" Mhandisi aliuliza.

"Sikukijua."

"Jaribio la hitilafu ni nini?"

Orida alikuwa akilifikiria hilohilo. Alisema anaamini kwamba neno "hitilafu" lingeifanya mashine ijipime yenyewe kwanza, tangu msingi, na ikajikuta nzima. Baada ya hapo isingeuliza kuhusu majembe. Ingeuliza kwa nini mkaguzi amedanganya.

Mhandisi alisugua uso kwa viganja. Alisimama, akavua koti lake, akaenda mwenyewe kufungua milango mikubwa ya banda, yote miwili, huku upepo ukimpuliza tai hadi begani. Madereva walipanda. Gari la kwanza la wagonjwa lilipita taratibu mbele yao, likakata kona kuelekea barabara ya Mbeya, na mengine yakalifuata.

Mama Lutengano alilifunga jembe lake kwenye khanga. Alimwambia Orida kwamba viazi vimepoa, lakini chumvi ipo, na kwamba akina mama wamesema aje akae. Orida alitambua kwamba hakuwa ametia kitu kinywani tangu alfajiri. Walivuka uwanja pamoja, na safari hii alikaa kwenye benchi, katikati yao, akala.